Mstari niliokuwa naupita

Ilikuwa Jumanne, saa tano kasoro asubuhi. Umeme ulikuwa umerudi muda si mrefu, na binti aliyekuja kwetu field alikuwa amekaa kiti cha pembeni yangu, anatazama skrini nyeusi. Nilikuwa nimempa kazi ndogo: aingie kwenye seva, afungue faili moja la mipangilio, abadilishe namba moja. Akaandika vim, jina la kihariri tunachofungulia mafaili, akasahau kuweka jina la faili, akabonyeza Enter.

Kimya.

"Kaka, hii ya watoto wa Uganda ni nini?"

Nikatupa jicho. Upande wa kushoto zile alama za mawimbi zinashuka hadi chini. Katikati kuna jina la programu, namba ya toleo, jina la mwandishi wake, Bram Moolenaar, na wenzake. Chini yake mstari mmoja wa Kiingereza unaoomba uwasaidie watoto maskini wa Uganda, kisha amri ya kuandika kama unataka maelezo, :help iccf. Sura hiyo naijua kama ninavyoujua mlango wa nyumbani.

"Ah, hayo ni matangazo ya misaada tu," nikamwambia. "Andika :q utoke, uanze upya."

Akaandika, akatoka, akaanza upya. Kufika saa sita kazi ilikuwa imekwisha. Jibu langu ndilo lililobaki linanikera, siku hiyo na wiki tano zilizofuata.

Maswali niliyokuwa nayajua

Asubuhi hiyohiyo, tukisubiri umeme, alikuwa ameniuliza WhatsApp imeandikwa kwa lugha gani. Kila anayekuja field huuliza hivyo, na nyuma ya swali hilo kuna jingine ambalo huona haya kulisema: nijifunze lugha ipi nipate kazi?

Wengi hutegemea nitaje Java. Si makosa, maana Android iliishi kwa Java miaka mingi kabla lugha nyingine, Kotlin, haijapokelewa rasmi mwaka 2017, na hata zile Nokia za vitufe zilizotuingiza WhatsApp wengi wetu zilikuwa zinaiendesha kwa Java. Lakini kule kwenye seva, ujumbe unakopokelewa na kupelekwa kwa mwenyewe, kuna Erlang. Hapo ndipo huwa nanogewa na maelezo. Erlang ilizaliwa Ericsson, Sweden, mwaka 1986, mikononi mwa Joe Armstrong, Robert Virding na Mike Williams, waliokuwa wanatafuta lugha ya kuendeshea mitambo ya simu. Mtambo wa simu huwezi kuufunga ili uutengeneze. Watu wanaongea humo. Kwa hiyo ndani ya Erlang kazi hugawanywa vipande vidogo vidogo, kila kimoja na kumbukumbu yake, na kimoja kikianguka kuna kingine kilichowekwa maalumu kukitazama na kukianzisha tena, huku vingine vikiendelea na kazi yao. Mwaka 2014, Facebook ilipoinunua WhatsApp, wahandisi 32 walikuwa wanahudumia watu milioni 450.

Nikamwambia pia kwamba Facebook yenyewe ilianza mwaka 2004 kwa PHP, ambayo Rasmus Lerdorf alikuwa ameianza miaka 10 kabla kwa ajili ya ukurasa wake binafsi, na kwamba msimbo ulipokuwa mkubwa kupita kiasi hawakuutupa, walitengeneza lugha yao, Hack, iliyotoka ubavuni mwa PHP. Nikamwambia Instagram ni Python.

Hoja yangu ilikuwa moja, na bado naiamini. Lugha ya kompyuta hubeba shida ya watu walioitengeneza. Ukitaka kuijua, uliza kwanza walikuwa wanahangaika na nini.

Yote hayo niliyasema bila kuangalia popote. Kisha akaniuliza kuhusu kitu ambacho vidole vyangu hukishika kutwa nzima, nami nikamjibu kwa jambo nililolibuni papo hapo.

Ghala la kahawa

Wenzangu wengi ofisini hapa Mwanza wanatumia VS Code, kihariri cha madirisha na kipanya. Hata mimi ninayo, na kwa mradi mkubwa wenye mafaili mengi ni msaada wa kweli. Vim ilinishika kwa sababu nyingine.

Msimu wa 2016 nilikuwa ndani ya ghala la chama cha msingi kimoja mkoani Kagera, tunafunga mfumo wa kupokelea kahawa. Foleni ya wakulima imetoka nje ya mlango. Mzee mmoja ameishika risiti yake mbele ya uso wangu, anasema kilo zimepungua. Alikuwa na haki. Mfumo ulikuwa unatoa uzito wa gunia mara mbili, mara ya kwanza kwenye mizani, mara ya pili kwenye hesabu. Kosa langu mimi. Seva ilikuwa mbali, na simu niliyoitumia kupata intaneti ilikuwa inaonyesha herufi E, ile ya mtandao wa kusuasua.

Nikakaa juu ya gunia, nikaingia kwenye seva, nikafungua faili kwa Vim. Kila nilichobonyeza kilichelewa sekunde mbili kuonekana. Nikaandika /uzito, Enter. Nikabonyeza n mara moja, kishale kikatua penye mstari wa pili wa kutoa. dd, mstari ukaondoka. :wq. Vibonyezo visivyozidi 15, na mzee akachapiwa risiti nyingine.

Kwa kihariri kinachotaka kipanya na madirisha, wakulima wale wangelala pale.

Baadaye nikajua kwa nini. Vim ni mtoto wa vi, na vi aliiandika Bill Joy mwaka 1976 akiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akifanya kazi kwa modemu iliyopitisha herufi kama 30 tu kwa sekunde. Piga hesabu: skrini ya mistari 24 yenye herufi 80 kila mmoja, kuijaza yote ni zaidi ya dakika moja. Mtu wa hali hiyo hawezi kutengeneza chombo kinachochora skrini upya kila akigusa kitu. Atatengeneza amri za herufi moja moja. Hata h, j, k na l tunazotumia kusogea zinatokana na kibodi ya mashine yake, ADM-3A, ambayo mishale ilichorwa juu ya herufi hizo hizo.

Yaani mtandao mbovu wa Berkeley ya 1976 ndio ulioniokoa Kagera mwaka 2016. Habari hii nimeisimulia mara nyingi kwa furaha. Lakini ninapoisimulia huwa naishia kwa huyo mzazi, vi. Habari za Vim yenyewe, na za Mholanzi aliyeiandika kwa lugha ya C kwenye kompyuta yake ya Amiga na kuitoa mwaka 1991, sikuwahi kuzifuata.

Karibu na Tanzania

Usiku wa Alhamisi ya wiki ya tano nilishindwa kulala. Nikafungua laptopu, nikaingia kwenye seva ileile, yenye toleo la zamani kidogo, nikaandika vim bila jina la faili. Mstari ukaja. Zaidi ya miaka 15, tangu nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, na sikuwahi kuandika amri iliyo chini yake.

Nikaandika.

Mwanzo ni leseni. Tumia, nakili upendavyo, lakini unahimizwa kuwachangia watoto wahitaji wa Uganda. Hulazimishwi chochote. Nikashuka kwa j, mstari kwa mstari. Kuna kituo cha watoto kinaitwa Kibaale. Kiko kusini mwa Uganda, wilaya ya Rakai.

Karibu na Tanzania, yanasema maandishi.

Karibu na Tanzania ni kwetu.

Nikainuka, nikanywa maji, nikarudi. Mimi ni mtu wa Kyaka, pale penye daraja la mto Kagera. Ukitoka kwetu unakwenda Mutukula, mpakani, na enzi zile ukivuka Mutukula ulikuwa umeingia Rakai. Wajomba zangu walikuwa wakienda na kurudi kwa baiskeli. Miaka yote hiyo "Uganda" ya kwenye skrini niliiona kama jina tu, kitu cha mbali kilichowekwa na Wazungu kwa ajili ya Wazungu wenzao. Kumbe mahali penyewe ni kule ambako bibi alikuwa akituma watu kumnunulia sabuni.

Nikaendelea kusoma. Maandishi yanasema wakazi wengi ni wakulima. Yanasema virusi vya Ukimwi vimeipiga sana sehemu hiyo, na kwamba wilayani humo watoto wapatao 60,000 wamefiwa na mzazi mmoja au wote wawili, kati ya watu 350,000.

Nikagawa kichwani. Katika kila watu sita, mmoja ni mtoto aliyefiwa.

Juliana

Wasomaji wangu wa Kagera hawahitaji kuelezwa sehemu hii, na wengine nitawaambia kwa kifupi, maana kwa urefu sijaweza.

Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi kutambuliwa Tanzania walikuwa mkoani kwetu, mwaka 1983. Upande wa pili, mwaka mmoja kabla, ugonjwa ulikuwa umeonekana Kasensero, kwenye mwalo wa ziwa, Rakai hiyohiyo. Wao waliuita Silimu. Sisi tuliuita Juliana, kwa jina la nguo zilizokuwa zinaletwa na wafanyabiashara wa kuvuka mpaka. Ugonjwa ulikuwa mmoja, kwenye barabara moja.

Baba alifariki mwaka 1993. Mama mwaka 1995. Tulilelewa na bibi, wajukuu saba, wa watoto wake watatu tofauti.

Bram Moolenaar alikuwa Kibaale mwaka 1994.

Alikaa mwaka mzima kwa kujitolea. Kwa maneno yake mwenyewe ndani ya faili lile, alisaidia kukipanua kituo na alifanya kazi za maji na usafi wa mazingira. Vim ilikuwa imeshatoka wakati huo, watu walikuwa tayari wanaitumia. Aliporudi Uholanzi alitaka kuendelea kukisaidia kituo, akaanza kukusanya fedha na kuwatafutia watoto wafadhili wa masomo. Na kwa kuwa alikuwa na kitu kimoja ambacho dunia nzima ilikuwa inakifungua kila asubuhi, akayaandika humo.

Mwaka huo mimi nilikuwa darasa la kwanza.

Nilibaki nimeikodolea macho skrini. Watoto wale niliowaita matangazo walikuwa rika langu, wamefiwa kama mimi, mwaka uleule, upande wa pili wa mpaka ambao hata kuku huvuka.

Neno lile

Ningependa kusema kwamba kuanzia hapo moyo ulitulia. Haukutulia.

Kuna neno pale kwenye mstari, lile la umaskini. Sisi hatukujiita hivyo. Bibi alikuwa na migomba, kahawa na mdomo, na mtu aliyetuita maskini mbele yake angejuta. Nimekua nikiyachukia mabango ya watoto wenye nzi usoni. Sasa najiuliza: mstari huu nao ni bango? Kama mtu wa Kanada au Japani amefanya kazi miaka 20, na kitu pekee anachokutana nacho kila siku kuhusu sehemu yetu ya dunia ni ombi la msaada, amebaki na picha gani yetu?

Nikamwandikia rafiki yangu wa Kampala, mwenzangu wa kazi hii hii. Jibu lake lilikuja baada ya saa moja.

"Ndugu yangu, mimi mstari huo niliuzima nikiwa bado chuoni. Weka set shortmess+=I kwenye vimrc yako, huuoni tena. Kuna siku nilikuwa namwonyesha mteja wa ng'ambo skrini yangu, akauona, akaniuliza kama na mimi nilisomea shule ya msaada. Nilisomeshwa na baba yangu, fundi cherehani, Masaka. Tangu siku hiyo sitaki hata kuuona."

Nilisoma mara mbili. Sikuwa na la kumpinga. Alichofanyiwa ni kibaya, na mstari ule ndio uliofungua mlango.

Lakini nami nina langu. Baba wa rafiki yangu aliishi. Wangu hakuishi. Mwaka 1994, kama kuna mtu angekuja Kyaka akachimba kisima karibu na kwa bibi, dada yangu mkubwa asingekuwa anaamka saa kumi usiku kwenda kuteka maji mtoni. Asingekosa vipindi vya asubuhi. Labda asingeacha shule darasa la sita ili sisi tubaki. Siwezi kumkasirikia aliyekwenda Kibaale kwa sababu ya namna alivyoandika mstari mmoja. Pia siwezi kumwambia rafiki yangu aurudishe kwenye skrini yake.

Haya mawili ninayo yote, na sijayapatanisha.

version.c

Nikaona kitu kimoja lazima nikifanye: kumrudia yule binti. Nilimdanganya, hata kama sikukusudia.

Jumatatu nikamwita. "Njoo nikuonyeshe kile ulichoniuliza." Nikaandika vim, Enter. Badala ya watoto wa Uganda, ukaja ujumbe mwingine unaoomba wafadhili wa kuiendeleza Vim. Nikatoka, nikaingia tena. Uleule. Mara ya tatu ndiyo mstari wetu ukaja.

"Kwa nini unabadilika?" akauliza.

Sikujua, na safari hii nilisema sijui. Tukautafuta pamoja ndani ya msimbo wa Vim, ambao uko wazi kwa kila mtu. Uko kwenye faili linaloitwa version.c. Programu inaichukua saa ya kompyuta kwa sekunde, inazitazama biti mbili za namba hiyo, na kwa hizo inaamua ujumbe upi uonekane. Ni mistari miwili tu ya C. Binti alichukua karatasi, akaandika namba kuanzia sifuri hadi saba kwa mfumo wa biti, akafuata hesabu kwa kidole. Kati ya sekunde nane, nne ni za Uganda.

"Kwa hiyo nusu ya muda," akasema, na kulikuwa na furaha usoni mwake ambayo sikuiona nilipokuwa namhubiria Erlang.

Kisha tukasoma :help iccf yote, yeye akisoma kwa sauti. Nikamwambia kwamba Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023, akiwa na miaka 62, baada ya kuitunza programu hii zaidi ya miaka 30, na kwamba waliobaki waliichukua kazi, wakatoa toleo la 9.1 Januari iliyofuata na kulitoa kwa kumbukumbu yake. Akaniuliza kama niliwahi kuchangia chochote. Nikamwambia hapana. Hakusema neno. Nami sikujitetea.

Nyumba ya kwanza ukitoka darajani

Jumapili nilimpigia simu mama mdogo. Ndiye mkubwa aliyebaki kwetu, bado yuko Kyaka.

Nilimweleza kwa Kihaya, nikikwama kila nikifika kwenye neno programu. Nikasema kuna Mzungu mmoja alikaa Rakai mwaka 1994, akafanya kazi ya maji, na aliporudi kwao akaandika habari za watoto wa kule ndani ya kitu ninachofanyia kazi mimi kila siku. Nikamwambia ile hesabu.

"Elfu sitini," akarudia. "Wilaya moja?"

"Wilaya moja."

Nikasikia anavuta kiti, anakaa.

"Na hapa kwetu aliwahesabu nani?"

Nikamwambia watafiti walipita miaka ile, kuna vitabu na ripoti.

"Wana majina humo?"

"Sidhani, mama. Ripoti huwa hazina majina."

Akakaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akaniuliza hicho kitu changu cha kuandikia ninacho hapo karibu. Nikasema ninacho. Nikaiweka simu kwenye spika, nikafungua Vim, safari hii kwa jina la faili, kyaka.txt. Nikabonyeza i.

"Anza na nyumba ya kwanza ukitoka darajani, mkono wa kulia," akasema. "Walikuwa wanne. Andika."